Usivumilie Maumivu: Unyumba Baada ya Tiba ya Saratani ya Kizazi

Dada unayetoka wodini Ocean Road ukiwa na faili kwapani na tiketi ya basi la Mbeya, Kigoma au Singida mkononi, makala hii ni yako. Ni yako pia uliyetibiwa Bugando, uliyevuka maji kutoka Pemba kufuata mionzi Dar es Salaam, na uliyetibiwa Kenyatta kule Nairobi. Umeandikiwa tarehe ya kurudi kliniki. Umeelezwa kuhusu chakula, damu na kazi nzito. Kuhusu unyumba, wengi wenu hamkuelezwa chochote, au mliambiwa msubiri bila kuambiwa mnasubiri nini na mkifika hapo mfanyeje. Nitalisema jambo hili waziwazi, maana ukimya wetu unawaumiza wanawake ambao wameshaumia vya kutosha.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote nchini Tanzania. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasogea, kwa hiyo hawafanyiwi upasuaji bali hutibiwa kwa mionzi na dripu za kemo. Mionzi ya nje hutolewa siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki tano hivi, kisha hufuata mionzi ya ndani, ambayo chombo chake huingizwa ukeni na kutolewa. Tiba hii inaokoa maisha, na kila mwanamke aliyeandikiwa anapaswa kuimaliza. Lakini haichagui. Inapoua saratani, huigusa pia nyama nzima iliyo jirani, na jirani wa kwanza wa mlango wa kizazi ni uke.

Baada ya mionzi, ukuta wa uke huwa mwembamba na mkavu, na haunyumbuki kama zamani. Kuta zake zinaweza kushikana zikafanya kovu, uke ukawa mfupi na mwembamba. Mabadiliko hayo huanza wiki chache tu baada ya tiba na huendelea kwa miezi, hata miaka. Ovari nazo huacha kufanya kazi, hivyo mwanamke wa miaka 35 huingia komahedhi ghafla: joto linapanda usoni, jasho la usiku linalowesha shuka, usingizi unakatika, hamu inapotea. Aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa kutoa kizazi hukatwa pia sehemu ya juu ya uke, na mishipa ya fahamu ya eneo hilo inaweza kuguswa. Kama ovari zimetolewa pia, naye huingia komahedhi ghafla. Ongeza uchovu, kibofu kisichotulia na tumbo la kuhara, ndipo utaelewa kwa nini mwanamke anaweza kuliogopa giza linapoingia ingawa anampenda mumewe.

Sasa, ushauri unaotolewa zaidi nyumbani ni ule mbaya kuliko wote: vumilia. Mama mkwe anasema vumilia, somo anasema vumilia, wakati mwingine hata mwanamke mwenyewe anajiambia hivyo kwa kumhofia mume asije akaongeza mke. Kwa maoni yangu hakuna neno linaloharibu ndoa za wanawake waliopona saratani kama hili. Mwili ulioumizwa hukumbuka. Ukivumilia leo, kesho misuli ya nyonga itajikaza hata kabla ya kuguswa, na mkazo huo utaongeza maumivu, na maumivu yataongeza woga. Baada ya miezi michache mwanamke hawezi tena kuguswa hata begani bila kushtuka. Maumivu wakati wa tendo la ndoa ni tatizo la kitabibu kama yalivyo maumivu ya mgongo au ya jino. Yana sababu na yana tiba. Ugonjwa ni udhuru unaotambulika, na mwanamke anayesema "leo hapana, panauma" hajavunja haki ya mtu.

Jambo la kwanza la kuuliza kliniki ni kipanuzi cha uke. Ni kifaa laini cha plastiki au silikoni, mviringo, chenye ncha butu, na huwa kwa ukubwa mbalimbali. Kazi yake ni kuzuia kuta za uke zisishikane. Kwa kawaida huanza kutumika kati ya wiki nne na nane baada ya kumaliza mionzi, daktari akishakuangalia na kuona kwamba vidonda vimepona. Usianze nyama ikiwa bado mbichi, kwa maana kulazimisha mapema kunaweza kuchana. Unachagua saa ambayo hutasumbuliwa, unafunga mlango, unalala chali na magoti umeyakunja. Unakipaka kilainishi, unakiingiza polepole ukivuta pumzi ndefu, na unasimama pale unapohisi mkazo, si maumivu. Unakiacha dakika 5 hadi 10, kisha unakitoa taratibu, unakiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni na kukikausha. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Madoa machache ya damu mwanzoni si ya kutisha. Zoezi hili huendelea angalau kwa mwaka wa kwanza, na wengi hushauriwa kuendelea zaidi ya hapo. Pasipopatikana vipanuzi, mwambie muuguzi akufundishe kutumia kidole chako mwenyewe, kikiwa safi, kucha zimekatwa na kilainishi cha kutosha. Usijitengenezee kifaa cha mti, chupa au kitu chochote chenye makali.

Wapo wanawake wanaoona aibu kufanya hivi, hasa waliolelewa wakiambiwa kwamba mtu hajishiki. Hii ni dawa, dada yangu. Na si kwa ajili ya mume peke yake. Uke ukijifunga, daktari atashindwa kukupima vizuri kila unaporudi kliniki, na saratani ikianza kurudi inaweza isionekane mapema. Kwa hiyo mjane, mwanamke aliyeachika, mtawa na bibi wa miaka 70 aliyekwisha kuagana na mambo hayo, wote wanastahili kuelezwa habari za kipanuzi.

Kuhusu ukavu, nenda duka la dawa uombe jeli ya kulainisha uke iliyotengenezwa kwa maji. Ipake kwa wingi, kwako na kwa mwenzio, na urudie katikati ya tendo ikikauka. Mate hayatoshi. Mafuta ya nazi na ya mgando hupasua kondomu za mpira, basi mkiwa mnatumia kondomu msiyatumie kabisa. Achana na losheni zenye manukato na sabuni za kuoshea ndani. Uke hujisafisha wenyewe. Osha nje kwa maji tu.

Hapa lazima niwaseme kwa upendo makungwi na mashangazi zetu. Mwanamke akirudi kutoka hospitali akasema unyumba haumwendei, mara nyingi hupewa shabu, ugoro au majani ya kubana, au hukalishwa juu ya mvuke wa dawa ili "arudi kuwa msichana". Kwa uke uliopita kwenye mionzi, huko ni kuchoma kidonda. Shabu hukausha pale ambapo tatizo lenyewe ni ukavu, na hubana pale ambapo tatizo ni kubana. Hufungua michubuko ambayo vijidudu hupitia, kikiwemo kirusi cha UKIMWI. Mwiko kabisa.

Na bado nasema kungwi ana nafasi, tena kubwa. Sisi watu wa pwani tuna bahati ya kuwa na wanawake waliopewa na jamii ruhusa ya kuyasema haya mambo ndani ya nyumba, bila aibu na kwa ufundi. Wanajua kwamba mapenzi hayaanzi wala hayaishii kwenye kuingiliana. Wanajua habari za kusingana, za udi kwenye kanga, za shanga kiunoni, za asmini kwenye mto wa kulalia, za kumkanda mtu miguu mpaka akalainika. Mwanamke aliyetoka kwenye mionzi anahitaji hasa elimu hiyo, kwa sharti kwamba singo na manukato yasipakwe kwenye ngozi ya kinena au tumbo iliyobabuka kwa mionzi mpaka ipone, na udi ufukizwe nguo, si mwili kwa ndani. Kungwi atakayemfunza mwari wake kupokea raha, badala ya kumfunza kumridhisha mume peke yake, atakuwa amemsaidia kuliko vidonge vingi.

Kwa sababu raha bado ipo. Saratani ya mlango wa kizazi, iwe imetibiwa kwa kisu au kwa mionzi, kwa kawaida humwachia mwanamke kinembe chake, na hapo ndipo utamu wa wanawake wengi unapotoka. Wanaotibiwa saratani ya mashavu ya uke hali yao ni tofauti, wengine hukatwa eneo hilo, na hao wanahitaji kuzungumza na daktari wa upasuaji kabla ya kupasuliwa ili wajue nini kitabaki. Vilevile dada aliyekeketwa, na wapo wengi katika mikoa kama Manyara, Dodoma na Mara, amwambie daktari mapema. Kovu la zamani likikutana na kovu la mionzi huzidisha shida, na ni vema anayepanga tiba alijue hilo tangu mwanzo.

Siku ya kurudi kitandani na mwenzio, msiende kwa haraka. Baada ya upasuaji wa kutoa kizazi, wengi huambiwa wasubiri wiki sita hadi nane ili mshono wa juu ya uke upone. Baada ya mionzi, subiri daktari akupime kwanza. Walio bado kwenye kemo watumie kondomu kwa siku kadhaa kila baada ya dripu, kwani dawa huweza kutoka kwenye majimaji ya mwili, na wanaoweza kushika mimba wajikinge muda wote wa tiba. Mkiruhusiwa, chagueni saa ambayo mwanamke hajachoka. Kwa wengi ni alfajiri au mchana wa mapumziko, si usiku wa manane baada ya kuosha vyombo. Apate haja ndogo na kubwa kwanza, aoge maji ya vuguvugu, na akihitaji ameze dawa ya maumivu aliyoandikiwa nusu saa kabla. Kaeni muda mrefu kwenye kushikana na kupapasana. Mikao inayompa mwanamke usukani ndiyo mizuri: yeye juu, au wote wawili ubavu, ili aamue kina na mwendo. Kama uke umefupika, akibana mapaja hupunguza kina, na mwenzio hatahisi upungufu mkubwa. Kubalianeni neno la kusimama, na likitamkwa, simameni. Siku nyingine mtaishia kukumbatiana, na hiyo nayo ni siku njema.

Mazoezi ya misuli ya nyonga nayo husaidia: kaza kama unayezuia mkojo, hesabu hadi tano, kisha achia kabisa. Anayeumia azingatie zaidi kule kuachia.

Kuna dawa za homoni pia, na hili wanawake wengi hawalijui. Krimu au vidonge vidogo vya estrojeni vya kuweka ukeni hurudisha unyevu na unene wa ukuta. Vidonge vya kumeza au vibandiko hutuliza joto la ghafla na hulinda mifupa ya mwanamke aliyekoma hedhi kabla ya wakati. Aina iliyo ya kawaida zaidi ya saratani ya mlango wa kizazi haichochewi na homoni, kwa hiyo madaktari wanaweza kuzitoa. Lakini saratani ya mji wa mimba, baadhi ya saratani za ovari na ile aina ya mlango wa kizazi inayoanzia kwenye tezi zinahitaji tahadhari, na mwanamke ambaye kizazi chake bado kipo hapewi estrojeni ya kumeza au ya kibandiko peke yake bila homoni mwenzake. Usizinunue kwa kuambiwa na shoga. Nenda na karatasi yako ya majibu ya kinyama kilichopimwa, muulize daktari: yangu ni aina gani, na je, homoni zinanifaa?

Hamu ni shauri gumu zaidi, na sitadanganya kwamba kuna kidonge chake. Mwanamke aliyelala miezi miguu juu mbele ya wageni wenye glavu anaweza kuona sehemu ile si yake tena, ni ya hospitali. Aliyekuwa bado anataka mtoto analia msiba ambao hakuna aliyeleta rambirambi. Msimharakishe. Ajitazame kwenye kioo akiwa tayari, ajishike mwenyewe kwanza ajue wapi pana hisia na wapi pamekufa ganzi, kisha amwonyeshe mwenzake. Akiona huzuni haimwachi, hali, halali, aombe kuonana na mshauri nasaha au daktari wa akili. Hiyo ni sehemu ya tiba pia.

Sasa niseme na wewe, kaka. Saratani haiambukizi. Mkeo hana mionzi mwilini. Ile ya nje inaisha mashine inapozimwa, na ile ya ndani inaondoka chombo kinapotolewa. Hutaungua. Ukihamia kitanda cha sebuleni kwa hofu ya kumuumiza, mwambie kwamba ndiyo sababu, maana usipomwambia yeye atasoma kwamba anakutia kinyaa. Nenda naye kliniki. Ingia naye chumbani kwa daktari, usibaki kwenye benchi la nje na simu.

Na kuna jambo moja linalovunja nyumba nyingi. Saratani hii husababishwa na kirusi kinachoitwa HPV, ambacho hupita kwa kujamiiana, basi mtu akisikia hivyo tu, lawama huanza: umeutoa wapi? Sikilizeni. Kirusi hiki ni cha kawaida mno, karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukipata wakati fulani, na miili mingi hukiondoa yenyewe. Kwa mwanamke ambaye kinga yake ni nzuri, saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujitengeneza. Kwa anayeishi na VVU bila tiba hufika haraka zaidi, kati ya miaka 5 na 10. Hakuna kipimo duniani kitakachowaambia ni nani alikileta na mwaka gani. Saratani ya mkeo si ushahidi wa usaliti wake, wala wako. Zitumieni nguvu hizo kumpeleka binti yenu apate chanjo, ambayo Tanzania ilianza kuitoa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019.

Dada anayeishi na VVU hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya mwanamke asiye na virusi, na akishatibiwa uke wake huchubuka kwa urahisi. Aendelee na dawa zake bila kukosa, na kondomu yenye kilainishi iwe mwenzake wa kudumu.

Zipo dalili ambazo hazisubiri tarehe ya kliniki. Damu inayoendelea au inayotoka kila baada ya tendo, uchafu wenye harufu kali, mkojo au kinyesi kupitia ukeni, maumivu ya nyonga yanayozidi badala ya kupungua, mguu mmoja kuvimba. Ukiona mojawapo, rudi hospitali siku hiyohiyo au kesho yake. Wanawake wengi huchelewa wakidhani ni "mambo ya mionzi tu".

Kwa wauguzi na madaktari wetu nina ombi. Najua foleni ilivyo ndefu na pazia la chumba lilivyo jepesi. Lakini mgonjwa hataanza yeye; anaogopa ataonekana mhuni, mtu aliyeponea chupuchupu halafu anawaza kitanda. Anzeni nyinyi, kwa maneno machache tu: "Mama, wanawake wengi baada ya tiba hii hupata ukavu na maumivu wakati wa unyumba. Wewe je?" Muulizeni kabla ya mionzi kuanza, muulizeni tena mwezi mmoja baada ya kumaliza, na tena mwaka ukipita. Muulizeni hata aliyevaa ushungi, hata aliyezeeka, hata asiye na mume.

Nawe dada, kliniki ijayo usitoke chumbani kabla hujalisema. Kama mdomo ni mzito, liandike kwenye kikaratasi ulikabidhi pamoja na kadi: "Naumia wakati wa tendo la ndoa, naomba msaada." Kama muuguzi au daktari wa kwanza atakunyamazisha, mpelekee wa pili.